Viputo Visivyokutana

Waliokua na televisheni za zamani, zile za antena ya waya juu ya paa, wanazikumbuka chenga. Kituo kikifunga matangazo usiku, kioo kilijaa vidoti vyeupe na vyeusi vikichemka kama mchele unaopetwa kwenye ungo, na spika ikitoa sauti ya shaaa isiyo na mwisho. Nyingi ya chenga zile zilitokana na mitambo ya karibu na televisheni yenyewe. Lakini sehemu ndogo, kiasi cha asilimia moja hivi, ilikuwa nuru kongwe kuliko nyota zote, iliyosafiri karibu miaka bilioni 13.8 hadi ikaishia kwenye antena ya nyumba ya mabati. Ni nuru hiyo iliyowafikisha wanafizikia mahali ambapo hawakuwa wamepanga kwenda: kwenye dai kwamba ulimwengu wetu huenda ni kimoja tu kati ya viputo visivyohesabika. Hakuna aliyeketi siku moja akaamua kuuvumbua huo wingi. Ulikuja kama kasoro ndani ya hesabu, watu wakahangaika kuiondoa, nayo ikakataa kuondoka.

Kelele na njiwa, 1927–1965

Mwaka 1927 kasisi wa Ubelgiji, Georges Lemaître, alionyesha kwa milinganyo ya Einstein kwamba anga lenyewe linatanuka. Miaka miwili baadaye Edwin Hubble, akitumia darubini ya Mount Wilson huko California, alichapisha vipimo vya galaksi zinazotukimbia: iliyo mbali zaidi ndiyo inayokimbia kwa kasi zaidi. Kama vitu vinaachana leo, zamani vilibanana, na vilivyobanana huwa vya moto. Mwaka 1948 Ralph Alpher na Robert Herman walikokotoa kwamba joto la mwanzo huo halikupotea, limepoa tu, na bado limejaa kila mahali. Hesabu yao ilisahauliwa.

Mwaka 1964, huko Holmdel, New Jersey, Arno Penzias na Robert Wilson wa maabara za Bell walikuwa na antena yenye umbo la pembe kubwa, mdomo wake upana wa mita 6. Walitaka kupima mawimbi ya redio kutoka angani, lakini kila walikoielekeza antena walipata kelele ileile, mchana na usiku, kiangazi na kipupwe. Walishuku jiji la New York; halikuwa hilo. Walishuku viungio vya antena, wakavifunika kwa utepe wa alumini. Ndani ya pembe walikuta njiwa wawili wamejenga kiota na kuipaka mavi. Wakawahamisha ndege, wakaingia na kusugua. Kelele ikabaki.

Wakati huohuo, katika Chuo Kikuu cha Princeton, jimbo hilohilo, Robert Dicke na wenzake walikuwa wanaunda chombo cha kutafuta joto lililobaki la mwanzo wa ulimwengu. Simu ikapigwa, na Dicke akaelewa kwamba alichokuwa akijiandaa kukitafuta kilikuwa kimeshapatikana. Makala mbili zilitoka bega kwa bega mwaka 1965. Tuzo ya Nobel, iliyotolewa mwaka 1978, ilikwenda kwa Penzias na Wilson.

Pilau ya Lamu na pilau ya Kigoma

Wazo la mwanzo huo wa moto, Mlipuko Mkuu, lilikuwa limeshinda, lakini ushindi ulileta mafumbo. La kwanza lilitokana na usawa wa ile nuru kongwe, ambayo ndiyo iliyokuwa kelele ya Penzias na Wilson. Upande huu wa anga na upande ule, joto lilikuwa lilelile: nyuzi 270 chini ya sifuri, bila tofauti ambayo vyombo vya wakati huo vingeweza kuiona. Nuru hiyo ilianza safari ulimwengu ukiwa na umri wa miaka 380,000 hivi. Ukirudisha hesabu nyuma, sehemu mbili za anga zinazokabiliana hazikuwa na muda wa kugusana. Hata mwanga, ambao hakuna kinachoupita mbio, haungetoka upande mmoja ukafika wa pili kwa wakati.

Fikiri wapishi wawili, mmoja Lamu na mwingine Kigoma, ambao hawajawahi kuonana wala kupigiana simu, na hakuna msafiri aliyepita kati yao. Siku moja unaonja pilau zao na kukuta chumvi inalingana hadi punje, iliki hadi punje. Utasema ni bahati? Utasema waliwahi kukaa jiko moja.

Fumbo la pili alilieleza Dicke mwenyewe katika mhadhara Chuo Kikuu cha Cornell, Novemba 1978. Ili ulimwengu uwe kama ulivyo leo, sekunde moja baada ya mwanzo maada yake na kasi ya kutanuka vilipaswa kulingana hadi tarakimu ya 14 baada ya nukta. Ingezidi kidogo tu, kila kitu kingeporomoka zamani. Ingepungua kidogo tu, vitu vingetawanyika kabla nyota hazijapata nafasi ya kujikusanya. Kati ya waliosikiliza alikuwemo Alan Guth, mtafiti kijana ambaye hata hakuwa mtu wa mambo ya anga. Alikuwa mtaalamu wa chembe, akihama kutoka mkataba mmoja wa muda hadi mwingine: Princeton, Columbia, kisha Cornell. Fumbo lile alilihifadhi akilini.

La tatu lilimfikia kupitia mwenzake, Henry Tye. Nadharia mpya za chembe zilidai kwamba joto la mwanzo lilizalisha sumaku zenye ncha moja tu, kaskazini bila kusini, tena kwa wingi wa kutisha. Hakuna aliyewahi kuziona. Zilikwenda wapi?

Usiku wa 6 Desemba 1979

Guth alikuwa amefika kituo cha nne, maabara ya SLAC huko California, akiwa na miaka 32. Usiku ule aliketi nyumbani na daftari lake kukagua jambo dogo katika hesabu alizofanya na Tye: je, kuchelewa kwa mabadiliko ya hali, ambako wao walikutumia kuziondoa zile sumaku, kungeathiri kasi ya ulimwengu kutanuka?

Maji safi yakipozwa taratibu yanaweza kushuka chini ya nyuzi sifuri bila kuganda, yakabaki yamesimama katika hali isiyo yao. Guth aliuacha ulimwengu mchanga ukwame hivyohivyo, katika hali ambayo wanafizikia huiita ombwe bandia: hamna chembe, lakini pamejaa nishati. Ajabu yake ni kwamba nishati hii haipungui pale nafasi inapotanuka. Lita moja ikiwa lita mbili, kila lita ina nishati ileile. Na kwa sheria za Einstein, kitu chenye tabia hiyo hakivuti. Kinasukuma. Uvutano, nguvu inayodondosha embe, hugeuka kuwa nguvu ya kutawanya.

Msukumo ule huzaa ongezeko la mara mbili, tena mara mbili. Weka shilingi moja leo, kesho ziwe mbili, keshokutwa nne: siku ya 31 una zaidi ya bilioni moja. Sasa ongeza mara mbili kwa zamu 90 hivi, tena zote ndani ya sehemu ya sekunde ambayo ukiiandika kwa desimali utajaza sifuri zaidi ya 30 kabla ya kufika tarakimu ya kwanza. Kipande kidogo mno kuliko protoni kinakuwa na ukubwa wa kutosha kuzaa kila tunachokiona.

Hapo mafumbo yote matatu yalifunguka kwa pamoja. Wapishi wawili waliwahi kweli kukaa jiko moja. Jiko lilitanuka likawatupa Lamu na Kigoma. Ile tarakimu ya 14 haikuhitaji mkono wa kuiweka sawa, kwa kuwa kitu chochote kilichotanuliwa kiasi hicho huonekana bapa, kama ardhi inavyoonekana bapa kwa mtu aliyesimama mbugani. Nazo sumaku zilitawanywa mbali mno hata isiwepo ya kuonekana. Asubuhi Guth alipanda baiskeli kwenda kazini, akajipima kwa saa: dakika 9 na sekunde 32, rekodi yake mwenyewe. Akafungua ukurasa mpya, akaandika kwamba amefikia utambuzi wa ajabu, na akaufunga kwa kisanduku cha mistari miwili. Daftari hilo leo limehifadhiwa katika jumba la sayari la Adler, Chicago.

Jina alilolichagua lilikuwa mdomoni mwa kila Mmarekani wa mwaka ule, bei zikipanda kwa zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka. Kiswahili kina bahati hapa, maana neno letu la sokoni linakaa vilevile: mfumuko. Tumezoea mfumuko wa bei. Huu ni mfumuko wa anga.

Sufuria inayotanuka

Sasa twende jikoni. Bandika maji ya ugali uyatazame. Kwanza vijiputo vidogo vinashika chini ya sufuria, kimoja hapa, kimoja pale. Vinapanda, vinakua, vinakutana na kuungana, mpaka maji yote yanachemka kwa pamoja. Guth alitarajia mfumuko uishe namna hiyo. Viputo vya hali ya kawaida vingetokea ndani ya ombwe bandia, vingekua, vingegongana, na nishati ya migongano hiyo ingegeuka kuwa joto na chembe tulizotokana nazo.

Lakini sufuria yenyewe inatanuka. Viputo vinakua, na nafasi kati yao inakua kwa kasi zaidi. Guth alikokotoa, akakokotoa tena, na kila mara jibu lilikuwa moja: viputo havijazi sufuria. Vinakusanyika katika vishada vilivyotengana, na mfumuko hauishi. Makala yake ilitoka Januari 1981, na ndani yake aliikiri kasoro hii waziwazi, akisema anaichapisha ili wengine watafute njia ya kuikwepa. Namheshimu zaidi kwa ukurasa huo kuliko kwa kile kisanduku. Mtu mwenye ajira ya muda, aliyepata wazo la maisha yake, angeweza kulificha shimo chini ya mkeka.

Moscow, 1979–1981

Umoja wa Kisovyeti haukuwa umelala. Alexei Starobinsky, wa Taasisi ya Landau mjini Moscow, alikuwa ameandika kabla ya makala ya Guth kuhusu ulimwengu unaoanza kwa kutanuka kwa kasi ya namna hiyo, akitumia marekebisho ya milinganyo ya Einstein. Hakuwa akitafuta jibu la pilau ya Lamu, na kazi yake haikusomwa sana Magharibi. Katsuhiko Sato wa Japani naye alifikia wazo linalokaribiana na la Guth kwa njia yake.

Aliyelikabili lile shimo uso kwa uso alikuwa Andrei Linde, wa Taasisi ya Lebedev. Kiangazi cha 1981, usiku, familia ikiwa imelala, alijifungia bafuni na simu ili asiwaamshe, akijadiliana na mwenzake. Alipolipata jibu alimwamsha mkewe, mwanafizikia Renata Kallosh, akamwambia anadhani anajua ulimwengu ulivyoanza. Jibu lilikuwa hili: viputo visihitaji kukutana. Mfumuko uendelee ndani ya kiputo kimoja, nishati ikiteremka polepole kama mpira kwenye mteremko mpole, na ulimwengu wetu wote uwe ndani ya kimoja tu. Marekani, Andreas Albrecht na Paul Steinhardt walifikia jibu hilohilo bila kutegemea kazi yake.

Oktoba mwaka huo Stephen Hawking alikuja Moscow, na Linde akaombwa kumtafsiria mbele ya wanafizikia wakubwa wa nchi, watu walioshika mustakabali wake. Hawking alizungumza kwa shida, mwanafunzi wake alirudia kila neno kwa Kiingereza, Linde akaligeuza Kirusi. Mhadhara ulifika kwenye wazo jipya la kijana mmoja aitwaye Linde. Wazo zuri. Kisha sentensi iliyofuata: lakini si sahihi. Kwa dakika nyingi Linde alisimama pale akizitafsiri kwa uaminifu, moja baada ya nyingine, hoja za kuiangusha kazi yake mwenyewe. Alipomaliza alisema ametafsiri lakini hakubaliani. Wakaingia chumba cha pembeni, wakaongea muda mrefu kiasi kwamba wenyeji walianza kumsaka mgeni wao. Jioni waliendelea hotelini, Hawking akimwonyesha picha za familia yake. Urafiki ukaanzia hapo.

Linde mwaka 1983 alitoa toleo rahisi zaidi, lisilohitaji hata ombwe bandia. Kabla ya hapo, kiangazi cha 1982, Hawking na Gary Gibbons waliwakusanya wataalamu Cambridge kwa karibu wiki tatu, na walipotoka walikuwa wamekubaliana kuhusu jambo ambalo kwangu ndilo kubwa kuliko yote katika nadharia hii: mitikisiko midogo ya kikwanta, isiyotulia hata kwenye utupu, ilitanuliwa na mfumuko ikawa mbegu za galaksi. Viatcheslav Mukhanov na Gennady Chibisov walikuwa wameshalichapisha wazo hilo Moscow mwaka mmoja kabla. Mbegu hizo zilipaswa kuonekana katika nuru kongwe kama madoa hafifu sana, yale makubwa yakiwa na nguvu kidogo zaidi kuliko madogo.

Mlinzi wa bustani ya wanyama, 1983–2003

Alexander Vilenkin alizaliwa Kharkiv. Serikali ya Kisovyeti ilimfungia mlango wa masomo ya juu, akafanya kazi ya ulinzi wa usiku katika bustani ya wanyama, na fizikia akaisoma humo. Akahamia Marekani, akapata nafasi Chuo Kikuu cha Tufts. Mwaka 1983 aliirudia ile kasoro ya Guth, ambayo wengi waliona imeshatibiwa, na akaona kwamba haikutibiwa. Ilihamishwa tu.

Katika matoleo mapya pia, ule mpira unaoteremka hutikiswa na mitikisiko ya kikwanta. Mahali fulani husukumwa chini, mfumuko ukaisha, nyota zikaanza. Mahali pengine hurudishwa juu, na hapo anga linaendelea kufumuka. Kwa kuwa panapofumuka panaongezeka upesi kuliko palipotulia, daima patakuwa na mahali pa kufumuka. Mfumuko ukishaanza, hauna siku ya kuisha kila mahali kwa pamoja. Kila unapokoma panabaki kiputo, na kila kiputo, kwa aliye ndani, ni ulimwengu mzima. Steinhardt alikuwa ameligusia jambo hili kwa mfano mmoja. Linde, mwaka 1986, alionyesha kwamba hata toleo lake rahisi halinusuriki. Vilenkin alipompelekea Guth habari hizo, Guth alianza kusinzia kitini. Wachache walitaka kuzisikia.

Lugha yetu inasitasita hapa. Wingi wa ulimwengu ungekuwa malimwengu, lakini malimwengu tayari yana maana yake, visa na mikasa ya dunia hii hii. Nitalitumia hata hivyo, maana halina mbadala. Wazo la malimwengu mengi si geni pia. Fakhr al-Din al-Razi, mfasiri wa Kurani aliyefariki mwaka 1210, alipopambana na wanafalsafa wa Kigiriki alisisitiza kwamba Mungu ana uwezo wa kuumba malimwengu elfu kwa elfu nje ya huu. Tofauti ni njia. Al-Razi alianzia kwenye uwezo wa Muumba. Vilenkin na Linde walianzia kwenye hesabu iliyokataa kufunga.

Wengi waliona malimwengu hayo ni aibu ya nadharia, mpaka mwanafizikia Steven Weinberg alipoyatumia mwaka 1987. Fizikia ilidai kwamba utupu uwe na nishati kubwa kuliko inavyowezekana, kwa tofauti inayoandikwa kwa 1 na sifuri kama 120. Weinberg aliuliza: vipi kama kila kiputo kina kiwango chake? Mikoko huota pale maji ya chumvi yanapokutana na ya mto. Ukiwa mkoko hushangai kujikuta mahali pa namna hiyo. Viumbe wanaouliza maswali hawatajikuta penye nishati ya kuzuia galaksi zisijikusanye. Kwa hiyo, alisema, kiwango chetu kiwe kidogo, lakini si lazima kiwe sifuri. Mwaka 1998 timu mbili zilizopima nyota zinazolipuka ziligundua kwamba kutanuka kwa ulimwengu kunaongeza kasi, kwa kiwango kilichomo ndani ya mipaka ya Weinberg. Watu waliokuwa wakicheka waliacha. Nadharia ya nyuzi, inayoziona chembe kama nyuzi ndogo zinazotetema, iliongeza kuni: mwaka 2003 Leonard Susskind aliandika juu ya mandhari ya suluhisho zake, ambazo makadirio yaliyozoeleka ni 1 na sifuri 500, kila moja ikiwa na fizikia yake.

Madoa, 1992–2013

Ule wingi ukibaki kubishaniwa, sehemu ya chini ya nadharia ilikuwa inapimwa. Aprili 1992 timu ya satelaiti ya COBE ilitangaza kwamba imeyaona madoa: tofauti za joto za sehemu moja kati ya 100,000 hivi. Puto la BOOMERanG, lililorushwa juu ya Antaktika, lilionyesha mwaka 2000 kwamba anga ni bapa. Satelaiti ya WMAP na baada yake Planck, iliyotoa matokeo mwaka 2013, zilichora ramani safi zaidi, na ule upungufu mdogo wa nguvu kwa madoa madogo, uliokokotolewa Moscow mwaka 1981, ulikuwepo.

Wapo waliotafuta hata majirani. Kiputo kingine kama kiliwahi kugusana na chetu, mgusano ungeacha alama ya duara katika nuru kongwe. Mwaka 2011 kundi la watafiti lilichuja data za WMAP likizitafuta duara hizo. Halikupata ushahidi wa kutosha.

Mlangoni kwa Linde, 2014

Kipo kitu kimoja ambacho mfumuko ungepaswa kuacha na bado hakijaonekana: mawimbi ya uvutano ya mwanzo, yanayopaswa kuupinda mtetemo wa nuru kongwe katika mizunguko hafifu. Darubini ya BICEP2, Ncha ya Kusini, iliyatafuta kwa misimu mitatu. Machi 2014 mmoja wa viongozi wake, Chao-Lin Kuo, alikwenda nyumbani kwa Linde na Kallosh, ambao wakati huo walikuwa wakifundisha Stanford, akagonga hodi huku kamera ikirekodi. Walidhani ni mtu wa kuleta vifurushi. Alipotaja kipimo walichokipata, Kallosh alimkumbatia. Linde alimwomba arudie. Shampeni ikafunguliwa. Lakini katika rekodi hiyohiyo, akiwa na furaha yote ile, Linde anasema kinachomsumbua siku zote: vipi kama anadanganyika, kama anaamini kwa sababu tu ni zuri?

Tarehe 17 Machi dunia ikatangaziwa. Kufikia Septemba, Planck ilikuwa imeonyesha kwamba eneo lile la anga lina vumbi jingi zaidi la galaksi yetu kuliko ilivyodhaniwa. Mwanzoni mwa 2015 timu hizo mbili ziliunganisha data, na alama ikaonekana kuwa inaelezeka kwa vumbi.

Steinhardt, mmoja wa waasisi, alikuwa amegeuka mpinzani siku nyingi. Mwaka 2017 yeye, Anna Ijjas na Abraham Loeb waliandika kwamba nadharia inayoruhusu kila kitu kutokea mahali fulani haiwezi kukanushwa, hivyo si sayansi. Wanasayansi 33, wakiwemo Guth, Linde na Hawking, walijibu kwa barua: matoleo ya mfumuko yanapimwa kila siku, na mengine yameanguka. Ninaona pande zote mbili zinasema kweli, kila moja kuhusu sakafu yake. Madoa yanapimika. Viputo vingine, hadi sasa, tunavibeba kwa sababu hesabu iliyoyatabiri madoa inavibeba.

Mwaka 2021 darubini za Ncha ya Kusini zilibana kikomo: nguvu ya mawimbi yale, ikilinganishwa na ya madoa, haizidi 0.036. Matoleo mengi mepesi, pamoja na yale rahisi ya Linde ya 1983, yako nje ya mpaka huo. Kati ya yaliyobaki ndani limo la Starobinsky, lililoandikwa kabla ya neno mfumuko kutumika, linalotabiri mawimbi hafifu kwa kiasi cha mara kumi kuliko kikomo hicho. Starobinsky alifariki Desemba 2023 akiwa na miaka 75. Kule kwenye barafu Jua huzama Machi na kurudi Septemba, na katika giza hilo la miezi sita watu wachache hubaki kuzihudumia darubini, wakitafuta mzunguko hafifu kiasi hicho nyuma ya vumbi.